Kazi Tuliyoisomea



Kila mwaka, masomo ya sekondari yanapokwisha, wengi wenu mnatuuliza kama uhandisi wa kemia utawapa mkate. Sisi tulioisomea kazi hiyo hapa Lubumbashi tunawajibu bila kuficha neno.

Kazi ipo. Nchi yetu ndiyo ya kwanza duniani kwa kuchimba kobalti, na kazi ya madini haiishii shimoni. Kutoka Likasi hadi Kolwezi mawe husagwa na kutiwa asidi ya sulfuriki ili shaba na kobalti viyeyuke; kisha umeme huivuta shaba na kuigandisha kuwa mabamba. Kila hatua yahitaji mtu ajuaye kupima. Lakini kobalti yetu nyingi huondoka ikiwa hidroksidi, unga usiokamilika, ikasafishwe China, na sehemu ya kazi zetu huondoka pamoja nayo. Hivyo wenye diploma ni wengi kuliko nafasi.

Tulingoja miaka miwili. Kisha mmoja wetu akapata mkataba wa miezi sita katika maabara ya kiwanda kimoja, akipima maji yanayorudishwa mtoni. Maji yasiyo na ukali husoma 7. Asubuhi moja kifaa kilisoma 4, kwa kuwa chokaa haikutosha. Mkubwa wake akamwamuru aandike 7. Alimfikiria mama yake, kodi ya nyumba, minervali ya wadogo zake. Akawafikiria pia wanawake waloweka mihogo kule chini mtoni. Akaandika 4. Mkataba wake haukufanywa upya.

Jioni ile tulisali pamoja, na baadhi yetu tukakiri kwamba tungaliandika 7. Kisha tukachangishana kodi yake ya miezi mitatu. Leo anafundisha kemia na kutengeneza sabuni ya mawese. Hatuwezi kuwaambia kwamba alipata kazi bora zaidi, haijawa hivyo.

Waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015 tulikuwa tumeusoma kikundini. Siku ile ndipo tulipouelewa. Basi, someni kemia, tena kwa bidii, maana mito yetu yahitaji wapimaji waaminifu. Ila msiingie kazini peke yenu.

Kwa tafakari: Wewe ungaliandika nambari gani? Na kikundi chako kingalimfanyia nini aliyeandika ya kweli?