Matairi Yangu Mwenyewe

Mimi ni fundi pancha hapa Msata, kwenye njia panda ya Bagamoyo, Chalinze na Segera. Mei 2019, mvua za masika zikinyesha, niliinama kufungua tairi la Fuso nikashindwa kuinuka. Kichwa kiliuma nyuma ya macho, hata kugeuza mboni ilikuwa adhabu. Viungo vyote kama vimetwangwa.

Nikasema malaria. Kwetu Pwani homa yoyote ni malaria, kupima baadaye. Duka la dawa wakanipa dawa mseto na diklofenaki ya maumivu, nikameza. Siku ya nne mwili ukapoa. Nikamwambia mke wangu kesho naingia kazini. Usiku huohuo nikatapika mfululizo, tumbo likasokota, na alfajiri nilipopiga mswaki fizi zikatoka damu.

Hospitalini malaria haikuonekana. Ilionekana dengue. Daktari akauliza nimemeza nini, na kusikia diklofenaki akashika kichwa. Dawa hiyo, kama aspirini na ibuprofeni, inamwongezea mgonjwa wa dengue hatari ya kuvuja damu. Tena siku za hatari ni hizo homa inaposhuka, ndizo nilizokuwa nashangilia. Virusi vyenyewe havina dawa: nilitundikiwa dripu, nikapewa parasetamo, na kila siku wakanitoa damu kuhesabu chembe sahani.

Bibi mmoja aliyekuja kumwona mjukuu wake wodini alisikia tukisema dengue. Akacheka: "Si kidingapopo hicho, wanangu?" Baadaye nikasoma kwamba ugonjwa wa namna hii ulipoikumba Unguja mwaka 1870, daktari James Christie aliandika jina kama hilo kutoka vinywani mwa Waswahili, na wapo wanaoamini neno dengue limetokana nalo. Jina letu, nasi tukaja kulisahau.

Niliporudi, bwana afya alichota maji ndani ya matairi chakavu niliyoyapanga mbele ya kibanda. Viluwiluwi vilijaa. Mbu anayeeneza dengue, mweusi mwenye madoa meupe, hazalii kwenye mtaro unaonuka. Anataka maji safi yaliyotuama, ya mvua au ya pipa, na anauma mchana. Chandarua changu kilikuwa kizima kabisa. Kilinilinda usiku, kukicha nikaenda kukaa kwenye kigoda katikati ya mazalia yake. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Tairi nililouza hapa huenda lilikwenda kuyaangulia Korogwe, na mwaka ule Tanga nako waliugua, si Dar es Salaam peke yake.

Virusi hivi viko vya aina nne. Nimeugua aina moja, na ya pili ikinipata inaweza kunijia kwa ukali zaidi. Kwa hiyo tairi bovu ukiniachia nalitoboa papo hapo, ingawa mshona katambuga wangu amenuna. Nawe uliyesimama kuziba pancha, nenda kaangalie lile ulilolitupa nyuma ya nyumba.