Niliuza Bangili za Harusi Yangu

Kama umewahi kufanyiwa kicheni pati unawajua wale mashangazi. Utafundishwa kupika, utafundishwa kunyamaza, na mwisho mmoja atakuinamia sikioni akwambie: "Mwanangu, dhahabu yako usiiguse. Hiyo ndiyo benki yako siku mume akikugeuka."

Mimi benki yangu ilikuwa bangili 6 za karati 21, kila moja gramu 12. Mama yangu alizikusanya kwa miaka, moja moja, kwa hela ya kuuza vitenge. Siku ya harusi yangu mwaka 2009 alinivalisha mwenyewe huku analia. Mwaka 2014 nilizifunga kwenye kanga, nikapanda daladala hadi Kariakoo, nikamwekea sonara mezani. Zilipimwa gramu 72. Nikatoka na shilingi milioni 3.8 kwenye sidiria.

Sikumwambia mama. Sikumwambia baba watoto. Leo nataka nikuambie wewe.

Kwa nini niliuza

Ofisi niliyokuwa nafanyia kazi ilipunguza watu na mimi nilikuwemo. Nilikuwa na watoto wawili, na mdogo alikuwa bado ananyonya. Mume wangu si mtu mbaya, alikuwa analeta mezani alichonacho. Lakini we dada unajua kuomba hela ya saluni kunavyouma kama ulizoea kuwa na yako.

Nilikuwa napenda vito tangu utotoni, na marafiki zangu walikuwa wananituma Kariakoo niwachagulie hereni za harusi. Nikajiuliza: mbona nachagua bure? Nikanunua simu yenye kamera ya maana, mzani mdogo wa vito na viboksi vya kitambaa chekundu. Hela iliyobaki nikanunua hereni ndogo za gramu 2, vipini na mikufu miwili. Nikaanza kutuma picha kwa WhatsApp, baadaye nikafungua ukurasa Instagram.

Wiki ya kwanza sikuuza hata kipini. Watu wanaandika "bei?", nikiwajibu wanapotea. Ikabidi nijiweke kwenye nafasi ya mteja. Huyu mtu hanijui, hajanishika mkono, na anatakiwa atume laki tatu kwa simu kwa mtu asiyemjua. Mimi ningetuma? Thubutu!

Basi nikaanza kurekodi video. Naweka hereni juu ya mzani, gramu zinaonekana. Nataja karati, nataja bei ya gramu siku hiyo, nataja ujira wa fundi pembeni. Picha nikawa napiga asubuhi karibu na dirisha, bila kurembesha rangi. Mteja wa Dar anapelekewa na bodaboda, analipa akishaona. Wa mkoani anatuma nusu kwanza, mzigo ukifika anamalizia. Mwaka wa pili nilikuwa nalipa ada ya shule ya mtoto mkubwa mwenyewe. Jamani, raha yake siwezi kuieleza.

Siku mama alipouliza

Siri ya ndani ya nyumba ina miguu. Mwaka 2015 tulikuwa kwenye harusi ya binamu yangu, Tanga. Mama akanishika mkono mbele ya watu: "Bangili zako ziko wapi, mwanangu?" Nikajibu haraka kwamba ziko kwa fundi, zinasafishwa. Baba watoto alikuwa nyuma yangu. Alijua hakuna kitu kilichopelekwa kwa fundi.

Njia nzima ya kurudi Dar hakusema neno. Tulipofika nyumbani nikamweleza ukweli. Nilidhani atakasirikia dhahabu, kumbe wala. Alisema, "Mali ni yako, ungeuza hata leo nisingekuuliza. Lakini mwaka mzima nakula chakula cha biashara ambayo sijui mtaji wake umetoka wapi. Kuna nini kingine sikijui?"

Sikuwa na jibu. Kwa miezi tuliishi kama wapangaji. Salamu, chakula, kulala. Biashara inapanda, nyumba inapoa.

Ujumbe kutoka Muscat

Kasheshe yenyewe ilikuja mwaka 2016. Mteja wangu mmoja, Mtanzania anayeishi Muscat, alinunua kwangu mkufu wa gramu 20. Aliupeleka kwa sonara wa huko apunguziwe urefu. Usiku akaniandikia: "Dada, mimi si mgomvi. Lakini mkufu ulioniuzia kama 21 umepimwa hapa ni 18."

Nilihisi miguu imekatika. Ngoja nikueleze maana yake. Dhahabu safi ni karati 24. Karati 21 maana yake kwenye kila gramu 100, gramu 87.5 ni dhahabu, nyingine ni shaba na fedha. Karati 18 ni gramu 75 tu. Kwa hiyo kwenye mkufu wake wa gramu 20, dada wa watu alipungukiwa gramu 2 na nusu za dhahabu safi. Kwa macho huwezi kuona. Muhuri wa 21 ulikuwepo umegongwa vizuri kabisa.

Kazi ile ilitoka kwa fundi niliyekuwa namwita kaka. Nilikuwa nampa dhahabu chakavu anayeyusha, ananitengenezea, na mimi sikuwahi kupima kazi yake hata siku moja. Ningempimaje kaka? Nilipomfuata aliapa kwa Mungu, wiki iliyofuata simu yake ikawa haipatikani.

Nikafungua daftari langu. Vitu alivyonitengenezea na nikaviuza vilikuwa vimekwenda kwa wateja 11, jumla gramu 148. Wateja 10 walikuwa hawajui lolote. Huenda wasingejua maisha yao yote. Shoga yangu mmoja akaniambia, "Mrudishie wa Muscat, wengine piga kimya. Nani atapima?"

Dada, sitakudanganya, nilitamani. Usiku ule nilikaa jikoni na daftari na kikokotoo. Upungufu wote ulikuwa gramu 18 na nusu za dhahabu safi, karibu shilingi milioni 1.6 kwa bei ya wakati ule. Na hapo bado wale watakaotaka hela yao yote.

Baba watoto akaamka kunywa maji, akanikuta nalia. Safari hii sikusema "hamna kitu". Nilimwonyesha daftari, ukurasa kwa ukurasa. Akasoma, kisha akavuta kiti. "Hela sina," alisema. "Ila kesho ni Jumamosi. Nitakaa na wewe ukiwapigia simu."

Na kweli alikaa. Simu 11, mchana kutwa, yeye anatia tiki pembeni ya majina. Nilimwambia kila mmoja: kitu nilichokuuzia si karati niliyokuambia, nimedanganywa na fundi lakini niliyekuuzia ni mimi, chagua nikulipe tofauti au urudishe nikupe hela yote. Wateja 7 walichukua tofauti, akiwemo wa Muscat. Watatu walirudisha mzigo. Mmoja alinitukana matusi ya nguoni, akakata simu, hadi leo hajapokea. Simlaumu.

Mtaji karibu wote ukaondoka. Lakini jioni ile mume wangu alinitengenezea chai mwenyewe, ikawa na tangawizi nyingi mpaka inachoma koo. Nikainywa yote. Ndio siku nyumba yangu ilipoanza kupata joto tena.

Ninachokijua leo

Kujengeka upya kulichukua muda, na wa kwanza kunirudishia biashara ni yule dada wa Muscat. Alileta shemeji zake na majirani. Kama unafikiria kuingia humu, chukua haya mawili matatu kwa mtu aliyeungua.

Pima kila kitu, hata kilichotengenezwa na ndugu yako. Mimi siku hizi kazi ya fundi mmoja naipeleka kwa sonara mwingine. Anaisugua kwenye jiwe jeusi, anadondoshea tindikali, anaangalia mstari unafifia au unabaki. Namlipa ujira wake, nalala usingizi.

Ukigusa tanzanaiti, ijue. Ni jiwe letu, limegunduliwa Mererani mwaka 1967, lakini si gumu kama almasi. Pete yake haitaki kubamizwa kwenye sufuria. Tena rangi yake inabadilika: kwenye mwanga wa mchana inaonyesha zaidi bluu, chini ya balbu ya njano inavuta zambarau. Mtumie mteja picha zote mbili, asije akasema umemwibia. Na mawe yana leseni zake. Kaulize Tume ya Madini kabla hujanunua la kwanza.

Meseji ya malipo isikutoe mzigo mkononi. Watu wanazitengeneza. Angalia salio lako kwanza.

Halafu usijidanganye kwamba biashara siku zote inaizidi akiba. Nilipouza zile bangili, aunsi ya dhahabu ilikuwa kama dola 1,300 duniani. Mwaka 2020 ilivuka dola 2,000, na Oktoba 2025 ikavuka 4,000. Ningeziacha kabatini, zingekuwa zimeongezeka thamani mara tatu bila mimi kunyanyua kidole. Nikipiga hesabu hiyo moyo huwa unadunda. Mashangazi hawakuwa wajinga.

Kwa hiyo sijutii kuuza. Ninachojutia ni kuuza kwa kujificha. Mume wangu angeweza kuwa upande wangu mwaka mzima kabla, nikamnyima nafasi hiyo kwa sababu mtu aliniambia sikioni kwamba ipo siku atanigeuka.

Mwaka jana nilitengenezesha bangili mbili, gramu 12 kila moja, karati 21, zimepimwa mara mbili. Nikampelekea mama Tanga, nikamkalisha barazani, nikamweleza yote tangu ile siku ya daladala. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akazichukua, akazipima kiganjani kama anavyopima vitunguu sokoni.

"Nilijua tangu kwenye harusi," akasema. "Fundi gani anasafisha bangili mwaka mzima?"

Akazivaa, akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Na hizi usiniombe kuuza."