Waipa za Hilux ya Baba

Mama ndiye aliyenipigia simu. "Baba yako siku hizi mvua ikianza tu anasimamisha gari. Juzi tumekaa barabarani mpaka saa mbili usiku."

Nilishangaa. Baba amebeba tangawizi kutoka Mamba Myamba kushuka Same mjini kwa zaidi ya miaka ishirini, na Hilux ileile ya miaka ya themanini. Nikamuuliza Mama sababu. Akasema, "Anasema waipa mbovu."

Hilo lilinitosha. Waipa nitanunua.

Anayeijua Same hawezi kubisha. Mji umekaa upande ambao milima inauzuilia mvua: jua, vumbi, miezi mizima bila wingu la maana. Raba ya waipa inakauka na kupasuka kabla haijaonja tone. Halafu unapanda upande wa pili, miteremko inayotazama Bahari ya Hindi, na unakutana na ukungu na mvua ya kweli. Na mvua ya kule haina utani. Novemba 2009 udongo uliporomoka Goha, kwetu Mamba Myamba, ukafukia watu na nyumba zao.

Nilitoka Dar es Salaam na waipa mpya, ndefu kuliko za zamani. Nilijua ndefu inafuta eneo kubwa zaidi. Fundi pale Same alizipima kwa macho, akacheka.

"Kijana wangu, hizi zitagongana. Na mota hii ni mzee mwenzangu, usimtwishe."

Akanionyesha ugonjwa wenyewe. Springi za mikono zimelegea, kwa hiyo hata raba mpya isingekandamiza kioo. Bushi zimelika, mkono unacheza. Na mkono mmoja ulitolewa kwenye gari la usukani wa kushoto, ndiyo maana kona ya juu upande wa dereva ilikuwa haifutwi kabisa. Akatafuta mikono sahihi, akabadili bushi, akaweka rilei ili mota ipate umeme kamili wa betri badala ya kuupitisha wote kwenye swichi iliyochoka. Akamwaga maji kiooni, akawasha. Swaa, swaa. Nililipa Sh 85,000 nikajiona mtoto mwema.

Jioni tulipanda na Baba, yeye kwenye usukani. Barabara ya Kisiwani ilikuwa kavu. Tulipoanza kupanda, ukungu ukashuka, kisha mvua. Baba akawasha waipa. Kioo kikawa safi kuliko nilivyowahi kukiona utotoni. Nikasubiri anisifie.

Akaegesha pembeni, akazima injini. "Tungoje ipite."

"Baba, mbona kunaonekana vizuri?"

"Kwako."

Tukakaa kimya, waipa zimesimama katikati ya kioo. Lori likatokea juu likiwa limewasha taa, Baba akageuza uso. Baadaye akasema, polepole, kwamba taa zinamtawanyikia. Kwamba ukungu anauona hata Same, saa sita mchana. Tangu mwaka juzi.

Kazi yangu ni kuuliza maswali. Nimewauliza mawaziri, wakulima, watu waliofiwa. Baba yangu sikumuuliza hata moja. Nilipokea jibu la waipa kwa sababu lilikuwa jibu ninaloweza kulilipia. Na yeye, nadhani, alilichagua kwa sababu hiyohiyo. Waipa mbovu si aibu kwa mwanaume. Gari likiugua, dereva anabaki dereva.

"Nipishe, Baba," nikasema. Hakubisha. Alizunguka mbele ya gari kwenye mvua, mkono mmoja juu ya boneti kama mtu anayemshika ng'ombe wake, akaingia upande wa abiria. Njia nzima alinielekeza kona kwa kichwa: sasa kulia, sasa gia ndogo. Hakukosea hata moja.

Wiki mbili baadaye tulikwenda KCMC, Moshi. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wakaanza na la kulia.

Siku tuliyorudi, Baba alikaa tena upande wa abiria, jicho bado linalindwa na jua. Tulipofika Mwanga akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Fundi wako kaacha mchubuko hapa."

Nikatazama. Kweli, ulikuwepo, mwembamba kama unywele. Mimi sikuwa nimeuona.