Njia Yenye Kutokea

Mji hukua kama mti, lakini si vema njia zake ziote kama matawi. Mdudu aliye katika ncha ya tawi hawezi kufika tawi la jirani ila arudi kwanza shinani. Njia njema hufanana na wavu wa mvuvi, ambao kila uzi umefungwa na mwenziwe.

Mimi nakaa Kaloleni, katika mji wa Voi, na kazi yangu ni kusomesha hesabu. Nakusihi, msomaji, twaa kalamu uchore mraba uliogawanywa viwanja tisa, vitatu kwa vitatu, na kila mstari, wa ndani na wa nje, uwe barabara. Hesabu safari zilizo fupi kabisa kutoka pembe moja hata pembe inayoielekea. Utapata 20. Mti ukianguka katika barabara moja, msafiri hupita nyingine. Katika mji wa matawi safari ni moja tu, nayo ikizibwa hapana budi kungoja.

Voi ilikua kando ya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Ikaja barabara kuu, na mwaka 2017 reli mpya. Njia kubwa kama hizi huunganisha miji iliyo mbali, lakini huwatenga majirani walio pande zake mbili pasipokuwa na kivuko.

Mitaani kutengana huja polepole. Mwenye shamba hukata viwanja, akaacha njia ya kuingilia. Jirani yake hufanya vivyo hivyo mwaka wa pili. Njia zote mbili hukomea kwenye ua, zikapeana migongo. Hapana mwovu kati yao, ila kila mmoja alitazama mpaka wake tu. Anayelipa ni mtoto azungukaye kwa miguu kwenda shule iliyo nyuma ya ua, na msukuma mkokoteni wa maji, na mgonjwa anayengoja gari.

Jambo hili si letu peke yetu. Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walionyesha mwaka 2015 kuwa barabara mpya za Marekani zilizidi kutengana kwa miaka mingi hata karibu na mwaka 1994, ndipo zikaanza kuunganishwa tena. Lakini zilizokwisha kujengwa hudumu: nyumba hubomolewa, njia hubaki.

Nasi tunao mfano wa kutia moyo. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Tanzania-Bondeni, humu humu Voi, walikubali kuishika ardhi yao kwa pamoja ili makazi yao yapangwe. Majirani wakipatana, mpaka hauwi kizuizi.

Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kukata viwanja neno hili hugeuka: usipoacha ufa, wanao watabomoa ukuta. Siku moja, msomaji, wewe utakuwa mwenye kiwanja, au mpima ardhi, au diwani. Kabla hujasimamisha nguzo ya mwisho ya ua, jiulize njia yako inatokea wapi.