Wingu au Barafu

Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yetu ya Bwera, Uganda, akichambua kahawa kavu kwenye ungo, nilipomwambia kwamba kesho yake nasafiri kwenda Nairobi kwenye mkutano wa watu wa setilaiti. Hakuinua kichwa. Aliendelea kutupa punje nyeusi pembeni, kuku wakazikimbilia wakaziacha.

"Hicho chombo kiko juu kiasi gani?"

"Hicho ninachotumia picha zake, kilomita mia saba hivi, Babu."

"Na mlima wetu hujifunika wiki nzima. Kinaonaje? Kikiona cheupe, kinajuaje kama ni wingu au ni barafu?"

Sikuwa na jibu. Ndivyo nilivyoondoka Bwera, Aprili 2022, nikiwa na begi moja la mgongoni na swali la mzee.

Mambo haya yalinianzia Mei 2020. Vyuo vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya korona, niko nyumbani, mvua ikanyesha mlimani usiku kucha, na mito ya Rwenzori ikafurika kwa pamoja: Nyamwamba, Mubuku, Nyamughasana, na Lhubiriha wetu huu unaotutenganisha na Kongo. Kule Kilembe, Nyamwamba uliibeba hospitali. Nilipoweza kufika Kasese kwa shangazi, nilikuta mawe makubwa kama teksi yamelala mahali ambapo nilikuwa nimezoea kuona nyumba. Mto huohuo ulikuwa umefanya hivyo Mei 2013, nikiwa mtoto, na watu waliotoka wakarudi kujenga palepale, kwa sababu hapakuwa na kwingine.

Nilitaka kujua maji yale yalianzia wapi. Rafiki akaniambia kwamba picha za setilaiti za Landsat hutolewa bure kwa yeyote duniani tangu 2008, na kwamba zipo za kuanzia miaka ya sabini. Nikatumia MB zangu zote kuzipakua kwenye simu, moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa nyeupe tupu. Ndiyo maana swali la Babu liliniuma: lilikuwa langu kwa miaka miwili, na sikuwahi kulisema kwa uwazi kama yeye.

Nilipitia Kasese kwanza, kwani cheti changu cha chanjo kilikuwa kwa shangazi. Teksi ilishuka kupitia Kisinga, katikati ya mashamba ya pamba na migomba, ikashika barabara kuu pale Kikorongo. Kasese joto halikuisha hata usiku. Lakini alfajiri, shangazi alinigongea dirisha, "Amka, amka uone!" Mvua ilikuwa imeusafisha mlima. Vilele vilisimama wazi kwa muda wa kama dakika kumi, na kule juu kabisa palikuwa na mstari mwembamba unaong'aa. Theluji hiyo kwa Kikonzo tunaiita nzururu, na ndiyo iliyoupa ufalme wetu wa Rwenzururu jina lake. Kisha wingu likapanda kutoka bondeni kama moshi wa jiko, likaufunga mlima.

Basi la Kampala lilipita njia ya Mbarara, kwa hiyo tulirudi Kikorongo na kuvuka ikweta kwenye lile duara jeupe kando ya barabara ambapo watalii husimama kupigwa picha. Nimepita pale mara nyingi bila kufikiri. Safari hii nilifikiri. Hapo dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kutoka mahali kama hapo hupewa msukumo huo bila kulipia mafuta. Hii ni sababu moja iliyowafanya Waitaliano wajenge jukwaa lao baharini karibu na Malindi, na kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikarushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa kuchunguza anga kwa mionzi ya eksirei. Hakuna mwalimu aliyewahi kunisimulia habari hiyo, ingawa tulifundishwa ikweta mwaka hadi mwaka kama mstari wa kuchora kwenye ramani. Ningependa watoto wa Kikorongo waisikie.

Kampala, Busia, usiku mzima barabarani. Nairobi nilifika nimevimba miguu.

Mkutano wa NewSpace Africa ulijaa watu wa suti na kadi za biashara. Mazungumzo mengi yalikuwa ya fedha: nani atanunua picha, serikali ipi ina bajeti, kampuni ipi imepata mtaji. Sikuyadharau, vyombo havipandi angani kwa maombi. Ila nilisikiliza siku ya kwanza yote nikingoja mtu aseme nani atakayezisoma picha hizo kwenye ofisi ya wilaya, wiki moja kabla ya mvua, na sikusikia. Mimi naamini hapo ndipo penye kazi. Picha ya Nyamwamba iliyoko kwenye kompyuta ya mbali haimwamshi mtu wa Kilembe usiku.

Kwenye meza moja niliruhusiwa kushika kielelezo cha setilaiti ndogo, mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Ya kweli yenye ukubwa huo huwa na uzito wa kama kilo moja ya sukari. Wakati huo vijana watatu wa Uganda, Edgar Mujuni, Bonny Omara na Derrick Tebusweke, walikuwa wakiunda ya kwetu katika chuo cha teknolojia cha Kyushu, Japani. PearlAfricaSat-1 ilirushwa tarehe 7 Novemba mwaka huohuo. Lakini siku ile nilikuwa na mchemraba mtupu tu mkononi, na mikono ilinitetemeka.

Siku ya pili nilimwuliza mhandisi mmoja swali la Babu, neno kwa neno. Hakucheka. Alivuta kiti, akafungua kompyuta yake, akatafuta Rwenzori. Kila kitu kikawa cheupe, kama kwenye simu yangu.

"Sasa tazama," akasema.

Akabadilisha mwanga. Macho yetu, alieleza, huona sehemu ndogo tu. Chombo huona pia mionzi ya infraredi ya mawimbi mafupi. Wingu huirudisha mionzi hiyo, barafu huimeza. Akabofya. Mawingu yakabaki meupe, na katikati yake pakatokea vipande vya buluu, vidogo, vimetawanyika. Na siku za mawingu mazito, akasema, iko rada, ambayo hupenya.

Sikusikia vizuri habari za rada. Nilikuwa nikitazama ile buluu. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5, na kwamba waliopima kwa picha za Landsat walikuta kama 2 mwaka 1987, na chini ya 1 mwaka 2003. Nilizijua namba. Sikuwa nimeuona udogo wake.

Nilichapisha picha ile Kasese, kwenye duka la fotokopi, kwa rangi, nikaipeleka Bwera ndani ya daftari. Nikamweleza Babu wingu na buluu. Akainama, akatafuta kwanza ziwa la Bujuku, akaliona kabla yangu. Ujanani alibeba mizigo ya wapanda mlima kutoka Ibanda. Vilele anavijua kwa miguu.

"Nipe kalamu."

Nikampa penseli. Akachora taratibu, akisimama mara kwa mara kukumbuka, mstari unaozunguka buluu kwa mbali, mbali sana nayo.

"Ilifika hapa. Tulikata ngazi kwa shoka ili wageni wapande."

"Mwaka gani, Babu?"

"Mwaka siujui. Obote alikuwa bado waziri mkuu."

Nikaandika pembeni mwa mstari wake: kati ya 1962 na 1966.