Isale la Kuomba Radhi

Wapendwa wajukuu, wapwa na jamaa wote wa ukoo,

Mara hii siandiki habari za nasaba wala za safari. Naandika juu ya mmea ulio sebuleni kwangu hapa Maskati, ambao kila mgeni huuliza jina lake. Kitaluni nilikoununua huitwa drasena. Wataalamu huuita Dracaena fragrans. Mimi na kaka yangu tuliujua kwa jina la isale.

Jina hilo tulilipata Moshi, alikokuwa na duka marehemu baba yetu kabla hatujahamia Omani. Jirani zetu Wachaga walipanda masale kwenye mipaka ya vihamba vyao. Tena lilikuwa na kazi nyingine: aliyemkosea mwenzake humpelekea isale kuomba radhi, na aliyepelekewa hapaswi kukataa. Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyaona hayo kwa macho yake barazani petu, akayasimulia mpaka uzeeni.

Nilipostaafu ukarani nyumba ilikuwa kimya mno, ndipo nikanunua mche. Mwaka wa kwanza nusura niuue. Niliumwagia maji kila asubuhi, kama mtu anayetimiza wajibu wa ofisi. Majani yakageuka manjano, shina likalegea, na nilipoutoa chunguni nikakuta mizizi imeoza. Isale hufa kwa maji mengi upesi kuliko kwa kiu. Nikalikata shina juu ya palipooza, nikapata vipande vitatu vya kama sentimita 15, nikavipanda katika udongo unaopitisha maji, upande wa chini ukibaki chini. Viwili vikashika.

Tangu hapo nafuata kanuni chache. Natia kidole udongoni. Ukiwa mkavu hadi pingili ya pili, ndipo namwagia, wala siachi maji yatuame katika sahani ya chini. Nauweka penye mwanga, mbali na jua kali linalobabua majani na mbali na upepo wa kiyoyozi. Ncha zilipokuwa zikikauka na kuwa kahawia, nilijifunza kwamba mmea huu hauvumilii chumvi na floridi katika maji ya bomba; sasa nakinga kwa ndoo matone ya kiyoyozi. Kila Ijumaa nayapangusa majani vumbi kwa kitambaa kibichi. Wenye paka wajihadhari, kwani majani yake huwadhuru.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Mimi na kaka hatukusemezana kwa miaka 11, tangu mirathi ya mama ilipogawanywa. Mimi ndiye niliyeshika daftari. Kaka alipouliza juu ya fungu lake, nilimjibu mbele ya watoto wake kwamba hajui kusoma hesabu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na kwa sababu hiyo nilijiona sina la kuomba radhi.

Kusini mwa nchi hii, katika milima ya Dhofar, huota jamaa wa isale, Dracaena serrulata. Kisiwani Sokotra huota mwingine, wenye utomvu mwekundu ambao Waarabu huuita dam al-akhawayn, yaani damu ya ndugu wawili. Jina hilo nalijua tangu utotoni. Usiku mmoja nikiwa napangusa majani lilinijia, na sikupata usingizi.

Mwezi wa Mfunguo Mosi uliopita nilimpelekea kaka kimoja cha vile vipande viwili, kikiwa kimekwisha kutoa majani saba. Alifungua mlango mwenyewe. Akautazama mmea kabla ya kunitazama mimi.

"Kaka," nikasema, "nilikuvunjia heshima mbele ya wanao. Niwie radhi."

Hakujibu. Alikipokea chungu kwa mikono miwili, akakiweka karibu na dirisha, akaagiza kahawa iletwe. Tulikunywa vikombe viwili bila neno. Kisha akauliza, "Hutiwa maji mara ngapi?"

"Mara chache kuliko unavyodhani," nikamwambia.

Ninavyo vipande vingine vinne vinavyoota mizizi. Jamaa mwenye haja aje achukue. Sitamuuliza anampelekea nani.