Ulimi Uliohamia Kidoleni



Baada ya sala ya Alasiri alitujia mama mmoja, macho yamemwiva kwa kulia. Binti yake amekataa kurudi chuo kikuu. Alipigwa picha bwenini akiwa hana mtandio, ikatiwa maneno ya uzushi, ikasambazwa katika kikundi cha WhatsApp cha darasa lao. Tulipouliza ni nani aliyeianza, tukatajiwa jina la binti tuliyemsomesha sisi wenyewe madrasani.

Tulimwita mbele ya mamake. Hakukana. Kwanza, alisema, ulikuwa ni uhasidi: mwenziwe alisifiwa na waalimu, kisha akaposwa. Pili, hakumwona akilia. Simu haina macho ya kumsuta mtu. Tatu, kila wenzake walipocheka, naye alitafuta neno kali zaidi. Kisha akatwambia lililotukata maini: "Sheikh, hata madrasani tulikuwa tukimcheka mwenzetu kwa jina ulilompa mwenyewe."

Tukanyamaza. Ni kweli. Palikuwa na mtoto mzito wa kuhifadhi, tukambandika jina, darasa likaangua kicheko. Sisi tuliosomesha Suratul Hujurat, inayokataza dhihaka, majina mabaya na kusengenyana, tulikuwa tukiivunja mbele ya watoto.

Serikali ilitunga sheria ya uhalifu wa mtandaoni mwaka 2018, na adhabu ya kumsumbua mtu mtandaoni yaweza kufika kifungo cha miaka 10. Lakini sheria humkuta mtoto ameshalelewa. Malezi ni yetu: tusizicheke picha za watu sebuleni, wala tusimpelekee mwingine habari tusiyoijua ukweli wake. Na mtoto akifikwa, tusianze kwa "Ulifanya nini wewe?" Swali hilo huwafanya wengi wafiche madhila yao. Tumsitiri, tuhifadhi ushahidi, twende naye kwa wakuu wa chuo au polisi.

Binti wetu ameomba radhi, lakini mwenziwe bado hajarudi masomoni. Picha iliyokwisha kusambaa hairudi mkononi. Nasi tulikwenda kumtaka radhi mwanafunzi yule wa zamani, ambaye leo ni mtu mzima mwenye watoto. Alitusamehe, ila alitwambia kuwa jina lile lingali likimwuma.

Allah atusamehe sote, na azihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu. Amin.